Hakuna Kuzama Bure

Kabla hujamwomba Baharia akushikie ngazi, ilikupasa ujue utampa nini. Si pesa, maana pesa hakuitaka kutoka kwa jirani. Yai, kikombe cha njugu, ndizi mbili mbivu, hata peremende ilitosha, bora tu itajwe kabla hajasogea. "Alawansi ni gani?" alikuwa akiuliza, mikono ameikunja kifuani. Ukicheka, alikungoja umalize kucheka, kisha akauliza tena.

Sisi wa upande wa Saboti, ambao bahari tunaijua kwa ramani ya shule, tulimwita Baharia na jina likamganda. Alikuwa amelitumikia jeshi la majini kule Mombasa miaka mingi. Alipostaafu akanunua shamba lililopakana na letu, akapanda mahindi na maharagwe kama watu wengine wote. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi alipohamia. Sasa nina duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Kitale, nina mvi, na bado sijui kama nilimpenda yule mtu au nilimwogopa. Nadhani vyote viwili.

Wazee wengine waliokuwa jeshini husimulia vita. Yeye alisimulia marupurupu. Alikuwa akikaa kwenye kigoda nje ya jikoni kwake na kutufundisha sisi watoto, kana kwamba kesho tunapanda meli.

"Mshahara ni ya kila mtu," alisema. "Hiyo unalipwa kwa kuamka na kuvaa yunifomu. Lakini kwa meli kuna kazi ingine hakuna mtu anataka. Kuna yule anapanda mlingoti na upepo inavuma. Huyo ako na alawansi yake. Kuna yule analala karibu na mabomu. Yake pia iko. Na kuna mtu wa kwenda chini."

Mtu wa kwenda chini alikuwa yeye. Alikuwa mzamiaji. Meli ikinasa kamba kwenye rafadha, ile feni ya chuma inayoisukuma, au ikitakiwa kukaguliwa tumbo lake, alishuka kwenye maji meusi asiyoona hata kiganja chake, akapapasa chuma kwa mikono. Alawansi yake ilikuwa nono kuliko za wengine, ila ilikuja na sharti moja: mwezi ambao hukuzama, hukuipata. Haidhuru ulikuwa mgonjwa au hali ya bahari ilikuwa mbaya. "Hakuna kuzama, hakuna alawansi," alisema, akanyoosha kidole kimoja. Kisha akanyoosha cha pili. "Na hakuna kuzama bure."

Hayo mawili ndiyo yalikuwa katekisimu yake. Kila kitu bomani mwake alikigawa kwa sheria hiyo. Toroli ilikuwa ya mshahara. Jembe, viti, redio, vyote vya mshahara, na ungeweza kuviazima ukakaa navyo hata wiki. Lakini ng'ombe wa maziwa alikuwa wa maji, yaani wa alawansi ya kuzama. Mabati ya nyumba yalikuwa ya maji, na cherehani ya mkewe pia. Vitu vya maji haviazimwi. Tulikuwa tukimchokoza, tunaonyesha kitu kimoja baada ya kingine. "Na hii, Baharia?" "Mshahara." "Na hii?" "Maji." Siku moja kaka yangu Wafula, aliyekuwa mtundu kuliko sisi sote, akamwonyesha mkewe, akauliza, "Na huyu?" Tulidhani tutapigwa. Baharia akamtazama mkewe aliyekuwa akichambua mboga. "Huyo," akasema polepole, "ni maji kabisa."

Kanisani walimvumilia kwa taabu. Bati la paa liliwahi kung'olewa na upepo, akaombwa apande kulipigilia kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kutembea juu kule bila kutetemeka. Akauliza swali lake mbele ya kamati nzima. Mchungaji alikasirika.

"Sasa hata kwa Mungu unaitisha alawansi?"

"Pasta, si hata wewe unaletewa mahindi?"

Kamati ilicheka mpaka mchungaji naye akashindwa kujizuia. Alipewa maparachichi mawili, akayala akiwa juu ya paa huku miguu inaning'inia, kisha akapigilia bati. Halijavuja hadi leo.

Watu walimwita mchoyo, nami niliamini hivyo kwa muda. Lakini mchoyo hupokea tu, huyu alikuwa akilipa vilevile. Ukitumwa kumpelekea chumvi, hukuondoka mikono mitupu. Alikuita ukiwa umeshafika langoni, akachovya mkono katika mfuko wa koti, akakutia peremende kiganjani. "Umetoka kwa njia yako. Shika alawansi yako." Ukikataa kwa adabu tulizofundishwa nyumbani, uso wake ulibadilika, akawa kama mtu uliyemtukana. Nilikula peremende nyingi sana katika utoto wangu. Mama alikuwa akisema, "Huyo mtu hataki deni na mtu yeyote. Hiyo nayo ni ugonjwa."

Jambo jingine tulilolicheka ni kwamba aliogopa maji. Mtu aliyelipwa maisha yake yote kwa kuzama alikuwa akizunguka njia ndefu kukwepa kijito. Nyuma ya mashamba yetu kuna bwawa kubwa, lilichimbwa zamani na mzungu aliyekuwa na eneo lote lile, na ukuta wake wa udongo sasa umeota nyasi. Wanaume wenzake waliketi hapo jioni kuzungumza wakati ng'ombe wanakunywa. Yeye alisimama mbali kule juu, mikono nyuma, kama mtu anayemwona mwajiri wake wa zamani akipita.

Na ilikuwa lazima uketi kulia kwake. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Ukikosea upande alikushika bega akakuhamisha bila kukatiza maneno. "Njoo huku. Huko duka ilifungwa."

Kisa cha sikio hilo alikisimulia kwa kicheko, na mkewe alikisikiliza kwa kusonya. Mkewe tulimwita Mama Kwaya. Alikuwa mtu wa Misikhu, mfupi, mweusi wa kung'aa, na sauti aliyokuwa nayo sijapata kuisikia kwa mwingine. Ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani, na alikuwa na namna yake. Alianza polepole mno, neno moja, kisha kimya, kisha neno jingine, mpaka mgeni akadhani mama wa watu amesahau wimbo. Halafu ngoma ikaingia chini yake na kanisa zima likasimama bila kuambiwa. Baharia mwenyewe hakuweza kuimba, sauti yake ilikuwa ya chura. Lakini alikuwa na kiti chake pembeni kabisa kushoto, mahali ambapo sikio lake zima lilielekea kwaya, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Nyumbani mkewe akianza kuimba huku anatenga maharagwe, alizima redio hata kama ilikuwa taarifa ya habari.

Baharia alimsikia kwanza kwenye arusi ya binamu yake huko Sirisia alipokuwa likizoni. Akamtaka palepale. Baba wa msichana akataja ng'ombe, tena si wachache, na akatoa muda. Baharia alirudi Mombasa akapiga hesabu yake: mshahara peke yake haungewafikisha ng'ombe Misikhu, lakini mshahara na alawansi ungewafikisha. Mwezi wa mwisho akashikwa na mafua mabaya. Mzamiaji mwenye mafua hazami, kila mmoja wao analijua hilo, kwa sababu pua ikiziba sikio halipumui na maji yanalikandamiza. Alitakiwa aende kwa daktari aseme. Hakusema.

"Ningesema, alawansi ya huo mwezi imeenda, na bibi ameenda," alisimulia. "Nikapenga kamasi, nikashuka. Sikuwa hata nimefika chini. Nikasikia ni kama mtu amevunja kuni ndani ya kichwa. Paa! Kutoka juu, naona damu kwa kola."

"Na wewe ukanyamaza," mkewe alimalizia.

"Nikanyamaza. Ng'ombe wakafika Misikhu. Wanaume wengine wanaoa na ng'ombe. Mimi nimeoa na ng'ombe na sikio."

"Mimi sikukuitisha sikio bana," Mama Kwaya alijibu kila mara, na kila mara walitazamana kwa namna iliyotufanya sisi watoto tuangalie pembeni.

Miaka ikapita hivyo, nasi tukawa watu wazima. Wafula ndiye aliyebaki nyumbani kulima na baba. Alipanda nyanya chini ya bwawa, akafunga pampu, na maisha yao yakaanza kunyooka. Msimu mmoja wa kiangazi bomba la kunyonya maji likazibwa na magugu. Wafula akaunganisha mapipa mawili kwa mbao na kamba, akaelea juu yake hadi katikati kulizibua. Mapipa yakapinduka. Waliokuwa ukutani walimwona akiibuka mara moja, kisha hawakumwona tena.

Tulikaa kando ya maji yale mpaka siku ya tatu. Vijana walizama wakarudi na matope. Tuliambiwa wazamiaji watatumwa kutoka Kisumu, kisha tukaambiwa gari limeharibika. Mama hakula. Alikaa chini, shuka begani, macho kwenye maji. Mama Kwaya alikaa naye muda wote huo, hakuimba, hakuhubiri, alimshika mkono tu.

Hatimaye wazee wa ukoo wakamjia baba na neno ambalo tulikuwa tukilihofia. Kwetu, mtu akipotea majini na mwili usionekane, hukatwa mgomba, ukafunikwa shuka, ukazikwa mahali pake, ili roho yake isitangetange na walio hai waweze kurudi kwenye kazi zao. Walilisema kwa upole. Wageni walikuwa wengi na chakula kilikuwa kinaisha. Baba aliinamisha kichwa, nikajua anakubali.

Mama akasimama. "Mimi nilizaa mtoto," akasema. "Sikuzaa mgomba."

Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Hakuna aliyemtazama Baharia, aliyekuwa amesimama mbali kule juu kama kawaida yake. Alikuwa mzee tayari na tulijua ni mtu anayeogopa maji. Nakumbuka wazi kwamba hatukumwomba.

Mama Kwaya ndiye aliyeinuka akapanda ule ukuta kumfuata. Niliwaona wakisemezana. Baharia aliweka kidole kwenye sikio lake la kulia, akakiacha hapo. Mkewe akamshika uso kwa mikono yote miwili, akausogeza mdomo kwenye lile sikio, akakaa hivyo kwa muda. Nilidhani anambembeleza. Kisha akashuka, akarudi kuketi karibu na mama, na Baharia akaanza kuvua viatu.

Alifika kwenye maji akiwa na kaptura na kamba kiunoni, kifua chake chembamba kimejaa mvi. Akamgeukia baba mbele ya waombolezaji wote.

"Alawansi ni gani?"

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Baba mdogo alitaka kumrukia. Baba akamzuia kwa mkono. "Sema unachotaka, ndugu yangu."

"Kuku," Baharia akasema. "Kuku moja."

Kuku ndiye anayestahili kupewa mtu aliyetoa maiti majini, kwa desturi yetu, apate kujitakasa. Alikuwa ameitisha kile ambacho angepewa hata asingeitisha. Lakini alikitaja kwanza.

Alizama akiwa amekumbatia jiwe. Akaibuka, akavuta pumzi, akazama tena upande mwingine. Hakuogelea huku na huku kama vijana. Alilifuata lile bomba kwa mikono, kidogo kidogo, kama alivyozoea kupapasa tumbo la meli. Mara ya mwisho alikawia mpaka mshika kamba akaanza kulia. Kisha kamba ikatikiswa, wakavuta, na Baharia akatoka na kaka yangu mikononi, magugu yamemzunguka miguu.

Sitaeleza alivyokuwa. Mama alimfuta matope usoni kwa ile shuka na akamwita kwa jina lake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akalia kwa sauti. Mtu anayejua msiba anajua kwamba kile kilio kilikuwa afueni.

Nilimwendea Baharia kumshukuru. Alikuwa ameketi kwenye tope, anatetemeka, na damu nyembamba ilikuwa ikimtoka sikioni kulia. Nilidhani amechubuliwa na magugu. Niliongea, naye alikuwa akiutazama mdomo wangu kwa makini, kisha akaitikia kwa kichwa.

Wafula alizikwa na mwili wake, kwenye udongo wa kwao. Baada ya matanga baba alipeleka kuku. Baharia akampokea, akamfunga miguu, akamweka chini ya kigoda. Baba mdogo alinung'unika njia nzima kurudi: mtu gani huyu anachukua kuku kwa waliofiwa, angalau angejifanya kukataa. Hata mimi ilinikera. Mama peke yake ndiye aliyesema, "Mwacheni. Nyinyi hamjui anafanya nini."

Nilikuja kujua baadaye sana, Mama Kwaya aliponijia dukani kununua dawa ya kupe. Nilikuwa nimemlalamikia kwamba mzee siku hizi nikimsalimia haitikii. Akaketi kwenye gunia la mbolea.

"Hasikii," akasema. "Tangu siku ya ndugu yako. Ile sikio ilikuwa imebaki ilienda na hiyo maji. Daktari alikuwa amemkataza wakati wa kustaafu. Alimwambia, mzee, hii moja usiwahi irudisha chini."

Nikaiacha dawa ya kupe kaunta, nikamsogelea.

"Pale juu alinionyesha sikio. Akaniuliza, sasa sauti yako je? Nikamwambia, sauti yangu umesikia miaka yote hii, na Mama Wafula hajaona mtoto wake. Nenda." Akakunjakunja kona ya leso. "Lakini nilimwimbia kwanza. Pole pole, kwa sikio. Ndiyo aende nayo."

Nikamuuliza kuhusu kuku. Nilitaka kujua kwa nini mtu atoe kitu kama kile halafu aitishe kuku.

"Angesema ni bure, mama yako angebeba hiyo shukrani mpaka kaburini," akasema. "Angekuwa anainama kila akikutana na yeye kwa barabara. Sasa mlilipa. Imeisha. Munakutana kama watu. Hiyo ndiyo alawansi, mwanangu. Ni ya kuachilia mtu aende."

Nililia pale pale mbele ya wateja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mzigo wa shukrani alikuwa ametupunguzia, na hakutaka tujue.

Hakuacha kwenda kanisani. Alikaa kwenye kiti kilekile cha pembeni, ila sasa alikuwa akivua viatu na soksi na kukanyaga saruji kwa nyayo tupu. Waumini walitaniana kwamba amekuwa Musa. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Ngoma ya kwaya iliwekwa chini, na mtetemo wake ulipita sakafuni ukamfikia miguuni. Mkewe alipoanza, kabla ya ngoma, alimtazama mdomo. Ngoma ilipoingia, alifumba macho.

Mama Kwaya alikufa mwaka huu, masika yalipokolea, katika hospitali moja Bungoma alikokuwa amelazwa kwa siku chache tu. Tulimzika bomani kwake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na asubuhi, ardhi imekuwa uji, na watu walisimama juu ya majani ya mgomba wasizame. Baharia alikuwa mbele kabisa karibu na jeneza, amevaa koti lake la zamani. Alikuwa amevua viatu. Nyayo zake zilikuwa zimezama kwenye tope hadi vifundoni.

Kwaya ikaanza wimbo wa marehemu, ule uliosimamisha kanisa miaka yote. Ngoma ilikuwa imetundikwa begani mwa mpigaji isilowe. Nilimwona Baharia akisogeza mguu huu, akasogeza ule, akitafuta. Tope halikumletea kitu. Akageuka, macho yake yakatua kwangu.

"Wameanza?" akauliza kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi, na watu wote wakasikia.

Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikamwendea, nikauchukua mkono wake, nikaufungua, nikaanza kumgongea mapigo ya wimbo kiganjani kwa vidole vyangu.

Akatikisa kichwa. "Si hivyo. Pole pole. Yeye huwa anaanza pole pole."

Ni kweli. Kiongozi mpya wa kwaya alikuwa binti wa watu mwenye haraka, na mimi nilikuwa nikimfuata yeye. Nikaiacha kwaya. Nikajaribu kumkumbuka Mama Kwaya: neno moja, kimya, neno jingine, kimya kirefu, halafu ngoma. Nikagonga hivyo. Macho yake yakafumba. Kwaya ilimaliza, mchungaji akaomba, wakaanza kurusha udongo, na sisi tulikuwa bado tuko ubeti wa pili. Hakuna aliyetukatiza. Niligonga mpaka wimbo ukaisha kama alivyokuwa akiumaliza mwenyewe.

Baharia akafumbua macho. Akaingiza mkono katika mfuko wa koti, akapapasa kwa muda, akatoa peremende, karatasi yake imelowa.

"Alawansi yako," akasema.

Nilitaka kukataa. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye ninayedaiwa, mimi na mama yangu na Wafula aliyelala kule ng'ambo ya ua, na kwamba hakuna kuku duniani anayelipa sikio. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini alikuwa akiutazama, anangoja, na uso wake nikauona unaanza kubadilika vile ulivyobadilika zamani tulipokataa langoni.

Nikafunga mdomo. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikaipokea.